Chupa ya Mama na Samaki wa Mto Rhine

Miaka mingi kabla watu hawajajua DNA inafanya kazi gani, Mswisi mmoja alikuwa tayari ameishika mkononi. Friedrich Miescher, mwaka 1869 huko Tübingen, Ujerumani, alikuwa anaosha usaha kwenye bendeji za hospitali ili ajue ndani ya kiini cha seli kuna nini. Alikuta kitu chenye fosforasi nyingi, akakiita nukleini. Aliporudi kwao Basel aliachana na usaha, alhamdulillahi, akageukia samaki wa salmoni waliokuwa wanapanda mto Rhine kwenda kuzaa. Mbegu ya kiume ya samaki ni kama kiini kitupu chenye mkia, kwa hiyo hakuna mengi ya kuchuja. Alifanya kazi kwenye baridi kali ili vitu visimharibikie. Hapa Coon Rapids tungempa Januari nzima bure. Mwaka 1874 akaeleza kwamba nukleini ile imeshikana na kitu kingine, akakiita protamini.

Miaka kumi baadaye, 1884, Albrecht Kossel alipata protini nyingine kwenye chembe nyekundu za damu ya bata bukini (za ndege zina kiini, zetu hazina). Hiyo aliiita histoni.

Kazi yao ni kufungasha. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, na kiini chenyewe upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Mwaka 1974 Roger Kornberg alieleza inavyowezekana: histoni nane zinakaa pamoja kama kibiringo, DNA inajizungusha juu yake karibu mara mbili, halafu inaendelea hadi kibiringo kinachofuata, kama shanga kwenye uzi. Kinachoishika ni umeme tu. DNA ina chaji hasi, histoni zina chaji chanya.

Kwenye mbegu za kiume mambo ni makali zaidi. Kwa binadamu, histoni nyingi huondolewa na protamini zikachukua nafasi yake. Protamini ya salmoni, karibu thuluthi mbili yake ni arjinini, asidi amino yenye chaji chanya. DNA inabanwa mpaka jeni hazisomeki tena; ni mzigo wa safari, umefungwa kamba. Ikishaingia kwenye yai, yai ndilo linalofungua kamba na kuweka histoni upya.

Sasa, mamangu. Kama wengi wenu mnaotusikiliza, mimi ni mkalimani wa kliniki tangu utotoni. Alipoandikiwa NPH, ile insulini yenye ukungu kama maji ya mchele, hakumtazama daktari, alinitazama mimi: "Mwanangu, hii haina nguruwe?"

Swali la haki kabisa. Zamani insulini ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Siku hizi nyingi hutengenezwa na bakteria au hamira. Lakini ile P ya NPH ni protamini, na H ni Hagedorn, daktari wa Denmark. Mwaka 1936 yeye na wenzake walionyesha kwamba insulini ikishikana na protamini ya samaki inayeyuka polepole chini ya ngozi, na mgonjwa anapunguziwa sindano. NPH yenyewe ilifuata mwaka 1946. Kinachozishikanisha ni umeme uleule wa Miescher na salmoni wake.

"Ni manii ya samaki, mama."

Akanyamaza kidogo. "Ungesema samaki tu, ningeelewa."

Kuna jambo moja ambalo hata wasomi wetu wengi hawalijui. Protamini hiyohiyo hudungwa kwenye upasuaji wa moyo ili kuzima heparini, dawa inayozuia damu isigande. Erwin Chargaff na mwenzake waligundua hilo miaka ya 1930. Na mtu aliyezoea NPH huenda mwili wake umeshaitambua protamini, hivyo hatari ya kupata mzio mkali mezani ni kubwa zaidi kwake kuliko kwa wengine. Sisi tunaishi kwenye mji ambao Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua mioyo ya watu tangu 1952, na wazee wetu wenye kisukari wanapasuliwa humuhumu. Kwa hiyo kwenye karatasi ninayobeba kila miadi, chini ya orodha ya dawa za mama, nimeandika kwa herufi kubwa: ANATUMIA INSULINI YENYE PROTAMINI.