Mjumbe na Balozi: Uongozi wa Nyumba Kumi katika Historia ya Maneno Yake



Kila aliyekulia Tanzania Bara enzi za chama kimoja anajua kwamba kiongozi wa nyumba kumi alikuwa na majina mawili: mjumbe na balozi. Wanafunzi wangu huyachukulia kuwa visawe. Mimi sikubaliani nao. Naona kwamba majina hayo yamebeba swali ambalo cheo hiki hakikupata kuliepuka: mtu huyu ametumwa na nani, na kwa nani?

Tuanze na mjumbe. Miji ya Mrima, kama Pangani na Sadani, iliongozwa na majumbe wenyeji. Wajerumani walilichukua jina hilo wakalishusha hadhi. Katika mfumo wao wa liwali, akida na jumbe, huyu wa mwisho alikuwa mtu wa chini wa serikali, mkusanya kodi na mwita watu kazini. Mjumbe ni mtu wa namna nyingine. Yeye hubeba maneno ya mwenziwe, na ndiyo sababu wahenga walisema kuwa mjumbe hauawi. Shina la maneno haya ni moja (na tukumbuke kwamba CCM nayo ikaliita kundi la nyumba hizo “shina”), lakini jumbe huamuru, mjumbe hutumwa.

TANU, iliyoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, ilikua kwa jasho la watu wasiolipwa. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa chama tangu 1955, alipita katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kutafuta wanachama, na wanawake hao wakaeneza habari za chama nyumba kwa nyumba. Wakati huo hapakuwa na haja ya kuuliza nani kamtuma nani. Haja ilikuja baada ya uhuru, pale viongozi wengi walipohamia serikalini na matawi yakapwaya. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akakijenge upya chama. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Palibaki pengo kati ya raia na serikali yake, na ndani ya pengo hilo, katikati ya miaka ya 1960, uongozi wa nyumba kumi ulienea nchini.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Majirani wa nyumba kumi au karibu na hizo walimchagua mmoja wao, mwanachama wa TANU, naye hakupewa mshahara. Alikusanya ada, alieleza siasa ya chama, aliwatambua wageni, alifikisha malalamiko kwenye tawi. Lakini tafiti za mwanzo, zikiwamo zile zilizokusanywa na J. H. Proctor katika kitabu cha mwaka 1971 na za Jean O’Barr kule Upareni, zinatuonyesha kazi nyingine iliyomchukulia muda mwingi: kusuluhisha. Ugomvi wa mke na mume, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, deni lisilolipwa. Yote yaliishia barazani kwake. Hapo alikuwa mjumbe kwelikweli, kwani nguvu yake ilikuwa ridhaa ya waliomchagua.

Balozi ni neno la safari nyingine. Katika Unguja ya karne ya 19 balozi alikuwa mwakilishi wa dola ya kigeni katika mji wa Sultani. Marekani ilimweka wake mwaka 1837, Uingereza 1841. Balozi huishi miongoni mwa watu, ila bwana wake yuko kwingine. Sijui kama waliomwita hivyo kiongozi wa nyumba kumi walikusudia kejeli, lakini miaka ya uhaba ililipa jina hilo maana yake kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zilipogawiwa kwa maduka ya kaya, orodha ya kaya ilipitia mikononi mwake. Mtu aliyechaguliwa asuluhishe majirani sasa aliweza kuwanyima au kuwapa. Wapo waliogawa kwa haki hata wao wakalala bila sukari, na wapo ambao hawakufanya hivyo.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, balozi alibaki kisheria kuwa kiongozi wa CCM peke yake. Serikali ya mtaa na kitongoji ikawa na wenyeviti wake. Mazoea hayakufuata sheria. Hukumu za mahakama za miaka iliyofuata bado zinamtaja kiongozi wa nyumba kumi kama shahidi wa upekuzi: polisi wanabisha hodi usiku, na wa kwanza kuitwa ni yeye. Kwa mpangaji aliye mwanachama wa chama kingine, jambo hili si dogo. Anayesimama mlangoni pake kushuhudia kabati likifunguliwa ni jirani aliyechaguliwa na wengine, kwa kadi ambayo yeye hana. Katika kumbukumbu za kesi, jirani huyo huandikwa kwa jina lake na cheo chake. Chama chake mara nyingi hakitajwi.