Usafiri wa kibiashara wa anga za juu

Usafiri wa kibiashara wa anga za juu ni safari za watu nje ya angahewa kwa malipo. Mmarekani Dennis Tito alikuwa mtalii wa kwanza kujilipia, mwaka 2001; Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alifuata mwaka 2002. Kila mmoja alilipa takriban dola milioni 20.

Gharama: Mbali na nauli, kuna hatari ya maisha: mwaka 2014 chombo cha anga za juu kiitwacho VSS Enterprise kilivunjika angani huko California, rubani mmoja akafa. Roketi pia huacha masizi kwenye tabaka la stratosfia.

Manufaa: Shuttleworth alifanya majaribio ya kisayansi angani. Safari ya Inspiration4 (2021) ilichangisha zaidi ya dola milioni 200 kwa hospitali ya watoto ya St. Jude. Roketi ya Falcon 9, inayopeleka abiria, hurusha pia setilaiti za intaneti za Starlink. Sehemu yake ya chini hutumika tena, hivyo gharama hupungua.

Malawi: Starlink ilianza huduma nchini mwaka 2023. Kwa mkazi wa Lilongwe, au mkimbizi Mkongo aliyeko Dzaleka, kambi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994, manufaa ya karibu ni intaneti, kwa atakayemudu kifaa, ada na umeme.