Ukigonga lori lililoharibika njiani, kosa ni la nani?

Kibirichia, katika kaunti ya Meru, inajulikana kwa viazi. Malori hupakia huko na kusafiri usiku kuelekea masoko ya mbali, Pwani ikiwemo. Tuchukue mfano: lori limeharibika karibu na Kibirichia saa tatu usiku, limezima taa, nusu yake imo barabarani. Matatu inatokea na kuligonga kwa nyuma. Wengi watasema upesi kwamba aliyegonga nyuma ndiye mwenye makosa. Mahakama za Kenya hazikati shauri kwa urahisi huo.

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari kuachwa mahali panapozuia au kuhatarisha wengine. Gari lililosimama lapaswa kuwekwa pembeni kabisa kadiri iwezekanavyo. Likishindwa kusogea, dereva ana wajibu wa kuwaonya wenziwe kwa taa na pembetatu za kung'aa, zile ziitwazo laifseva. Matawi ya miti tuliyoyazoea huonyesha kwamba alijaribu, lakini gizani hayang'ai, wala hayachukui nafasi ya pembetatu.

Naye dereva anayekuja hutarajiwa kwenda kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Ukungu na mvua humtaka apunguze zaidi.

Kwa hiyo hakimu huuliza: Lori lilikuwa upande gani, na lilizuia kiasi gani cha barabara? Lilikuwa na onyo lolote? Limekaa hapo muda gani? Matatu ilikuwa na mwendo gani? Dereva alishika breki, au alikuwa na nafasi ya kukwepa?

Mara nyingi jibu ni kwamba wote wawili wana lawama, na hakimu huigawa kwa asilimia. Ikiwa dereva wa matatu alistahili fidia ya shilingi 1,000,000 na akaonekana kuchangia asilimia 40, atapata 600,000. Abiria aliyeketi tu kwa kawaida hana lawama, na anaweza kuwashtaki wenye magari yote mawili. Mwenye lori naye hubeba kosa la dereva aliyemwajiri, likitendeka kazini.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi. Karatasi ya polisi, yaani abstrakti, huonyesha kwamba ajali ilitokea. Peke yake haitoshi kuamua kosa ni la nani. Hata dereva mmoja akipatikana na hatia katika kesi ya trafiki, mahakama ya madai bado yaweza kuangalia mchango wa mwenziwe.

Basi anayeweza apige picha kabla lori halijavutwa: taa zake, mahali lilipo, alama za breki, pembetatu kama zipo. Achukue nambari za magari na simu za mashahidi, aandikishe ajali kituoni na ahifadhi karatasi za hospitali. Kesi ya uzembe ina muda wa miaka 3 tangu ajali, na familia ya aliyefariki ina miaka 3 tangu kifo. Wengi hupoteza haki yao wakingoja wazee wapatanishe au bima ipige simu, na miaka hiyo haiwangoji.