Mbao ngapi zitatosha ukuta wa ghala?

Ukijenga ghala Manchira kwa mbao za kununua Mugumu, zikipungua utalipa usafiri mara mbili. Tuhesabu kwanza.

Ukuta wa futi 12 kwa 8 una futi za mraba 96. Mbao ya inchi 8, urefu futi 12, kwa jina hufunika futi za mraba 8. Hapo mbao 12 zingetosha. Lakini ikipigwa randa yaweza kubaki inchi 7.5, na ukizilaza moja juu ya nyingine kwa inchi 1, kila mbao itafunika inchi 6.5 tu.

Ukuta una kimo cha inchi 96. Gawanya kwa 6.5, utapata 14.8: nunua mbao 15. Pima upana kwa tepu kabla ya kulipa.