Majina ya Samaki Pwani ya Kilwa

Wapo wanaodai kuwa majina ya kisayansi ya samaki ni mambo ya maabara za Ulaya, hayamhusu mvuvi wala mwanafunzi wa Kinjumbi, huku Kilwa. Historia inawakanusha. Mwaka 1775 kilichapishwa kitabu cha mwanasayansi Forsskål kuhusu viumbe wa Bahari ya Shamu, na ndani yake majina mengi yametoka kwa wavuvi Waarabu: jenasi ya samaki aitwaye tasi, Siganus, ni mfano mmoja. Mwaka 1866 Playfair, balozi wa Uingereza Unguja, na mtaalamu wa samaki Günther wa London walitoa kitabu cha samaki wa Zanzibar. Sayansi hiyo, basi, ilitegemea pia nyavu za watu wa bahari zetu.

Itasemwa kwamba majina kama changu na tasi yanatosha. Sokoni, ndiyo, lakini changu ni jina la spishi kadhaa, na anayetaka kujua ni ipi inayopungua hawezi kuzihesabu kwa jina moja. Uainishaji wenyewe hauhitaji darubini. Mshike tasi kwa uangalifu, maana miiba yake ina sumu: mgongoni ipo 13, katika pezi la chini karibu na mkia 7, na kila pezi la tumboni lina 2. Mvuvi anaijua miiba hiyo kwa maumivu, msomi kwa hesabu. Na majina ya kisayansi yanaihusu Kilwa yenyewe: mwaka 2003, huko Songo Mnara, alivuliwa silakanti, samaki aliyepewa jina Latimeria chalumnae mwaka 1939. Walimu wa Kilwa, wafundisheni watoto majina yote mawili, la Kiswahili na la kisayansi, samaki akiwa mkononi.