Mbao ya Msitu, Mbao ya Shamba

Kule Gikomba, upande wa mbao, swali la kwanza utakaloulizwa si la vipimo. "Kastoma, unataka ya msitu ama ya shamba?" Nilikuwa nimeenda kununua mbao za rafu ya vitabu, vipimo viko kwa simu, pesa ni ya kuhesabu, na sikuwa najua kuna tofauti. Muuzaji akanielimisha bure. Saipresi ya shamba ni ya mkulima aliyepanda miti yake pembeni mwa boma. Mara nyingi huangushwa kabla ya wakati kwa sababu karo imefika, kwa hivyo ina mafundo na hujikunja ikikauka. Ya msitu imekaa miaka thelathini, imenyooka, matawi yake yalikatwa ikiwa bado changa. Bei iko juu kidogo.

"Hii ilipandwa na gava," akasema, akiigonga kwa vidole kama mtu anayepiga tikitimaji kujua kama limeiva. Nikalipa.

Kutoka hapo nikamfuata mwenye mkokoteni hadi Kirinyaga Road, barabara ambayo hakuna fundi wa magari anayeiita Kirinyaga Road. Ni Grogan. Ukitaka kioo cha pembeni cha Probox, au taa ambayo mtu fulani aliamka asubuhi akakuta haipo kwa gari lake, unaenda Grogan. Wengi wetu tunatamka jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na mkono mrefu katika biashara ya mbao.

Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyejipatia umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne iliyofuata alifika huku akiwa na mshirika wake Lingham, mfanyabiashara wa mbao kutoka Canada. Walichotaka kilikuwa wazi: msitu. Na walipewa. Ekari 64,000 katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, si mbali na reli. Huyu ndiye Grogan ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Jina lake liliwekwa kwa barabara. Barabara ikabadilishwa jina baada ya uhuru, lakini mtaa ukakataa kusahau.

Kwa nini serikali ya kikoloni imkabidhi mtu mmoja msitu mkubwa hivyo? Jibu ni reli. Treni ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza, na sasa ilihitaji mzigo wa kubeba ili ilipe. Mbao ni mzigo. Tena gari-moshi lenyewe lilikula kuni kama mtu mwenye njaa ya siku tatu, ndiyo maana mikaratusi ilipandwa kandokando ya reli. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika ziwani. Hiyo si bahati. Kabla serikali haijawaza lolote la maana kuhusu shule za Waafrika, ilikuwa tayari ina afisa wa kuhesabu miti.

Miti iliyokuwepo ilikuwa mutarakwa na podo na jamii nyingine za asili. Mutarakwa, ambao vitabu huuita mwerezi, ni mti mtamu kwa kisu, hauliwi na mchwa, na uliuzwa nje ukatengenezwa penseli. Shida yake ni kwamba hauna haraka. Mtoto wa shule wa London anamaliza penseli kwa muhula, mti unachukua umri wa babu na mjukuu. Kwa hivyo Idara ikaanza kuleta miti ya mbio: saipresi kutoka Mexico, paini kutoka Mexico na California, mikaratusi kutoka Australia. (Ukiona kadi ya posta yenye saipresi na maneno "uzuri wa Kenya", jua huo mti ni mgeni kuliko chai.)

Sasa, kupanda mamia ya hekta za miche kunahitaji mikono. Na mikono inahitaji mshahara. Hapo ndipo ilipoingia akili ambayo, nikisema ukweli, bado inanishangaza kwa ujanja wake.

Waingereza walikuwa wameiona Burma. Unachukua familia isiyo na ardhi, unaipa kipande cha msitu uliokwisha kukatwa. Familia inang'oa visiki na kusafisha vichaka, inapanda mahindi, maharagwe na viazi. Kisha inapanda miche ya serikali katikati ya mimea yake. Kila inapopalilia maharagwe, inapalilia saipresi. Kila inapofukuza mnyama kwa mahindi, inailindia serikali miche. Baada ya miaka mitatu hivi miti inarefuka, kivuli kinafunga, mahindi yanakataa. Familia inahamishwa hadi kipande kingine, inaanza upya. Huku Kenya mpango huo ulianza karibu mwaka 1910 na ukaitwa kwa neno letu wenyewe: shamba. Hata maafisa wa kizungu waliandika hivyo kwenye ripoti zao.

Waliokuja walikuwa hasa Wakikuyu ambao ardhi yao ilikuwa imegeuka mashamba ya walowezi, au waliobanwa kwenye hifadhi mpaka hapakuwa na pa kugawia mtoto. Wakaenda Elburgon, Londiani na kwingineko. Ofisi ilipata wafanyakazi wa kudumu ambao sehemu kubwa ya malipo yao ilikuwa ruhusa ya kujilisha. Waliokuwa humo tangu zamani, Waogiek wa Mau, walikuwa wakisukumwa nje ili miti mipya ipate nafasi. Waogiek waliishi kwa asali, na saipresi na paini hazina maua ya kumfaa nyuki. Ilibidi wangoje hadi Mei 2017 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, iseme kwamba haki zao zilivunjwa.

Shosho wangu alizaliwa katika kijiji cha msituni, upande wa Elburgon, wakati wa vita vya pili vya dunia, wakati ambapo jeshi lilitaka mbao kuliko kawaida na misumeno haikulala. Nilipompigia kumuuliza kuhusu miche, hakuanza na historia. Alianza na kijiti.

"Tulikuwa na kijiti cha kupimia," aliniambia. "Mche hapa, unaweka kijiti, mche pale. Ukikosea, nyapara anang'oa wote unarudia."

"Na mlilipwa, shosho?"

"Tulikula." Akanyamaza kidogo. "Viazi vya msituni vilikuwa vikubwa, mtoto wangu. Ardhi ilikuwa bado mpya."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Hakuwa analalamika. Kwake ile ilikuwa ardhi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kulima, na kosa lake pekee ni kwamba kila baada ya miaka mitatu ilimfukuza. Hati hakuna. Nyumba ya kudumu hakuna. Ukijenga imara sana unaonekana una nia mbaya.

Uhuru ulipokuja, mpango haukubadilika sana, ulikua. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Benki ya Dunia ilikopesha Kenya pesa za kupanda misitu ya viwanda, na serikali ikataka kiwanda cha kuila hiyo misitu. Ndipo Pan Paper ikajengwa Webuye, kando ya Mto Nzoia, serikali ikiwa na hisa pamoja na kampuni ya kundi la Birla la India na tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwa sekta binafsi. Karatasi ya kwanza ilitoka miaka ya 1970. Wazazi wetu waliandikia hesabu karatasi ya Webuye. Aliyepita mji huo kwa basi akielekea Malaba anaikumbuka harufu kabla ya kukumbuka bomba la moshi.

Huo ndio uliokuwa msaada wa serikali kwa sekta ya mbao, ukiufungua uone ndani: ardhi ya umma, miche ya umma, barabara za msituni, mkopo ambao sote tuliulipa, na miti iliyouzwa kwa bei iliyopangwa ofisini badala ya mnada. Msaada wa mwisho, ule mkubwa, haukuandikwa kwenye bajeti yoyote. Ulikuwa mgongo wa watu kama shosho. Mwenye kupasua mbao alipata mti wa bei nafuu kwa sababu mwenye kuupanda alilipwa kwa viazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa mashamba ya msituni waliambiwa watoke. Sababu iliyotolewa ilikuwa uharibifu: kwamba baadhi yao hawakuhama, walipanua mashamba, miche ilikufa kimakusudi ili ardhi ibaki wazi. Nitakuwa mwongo nikisema hayo hayakutokea. Yalitokea, na si wakulima peke yao waliofaidika. Katika miaka hiyo na iliyofuata vipande vya misitu vilikuwa vikigawiwa wakubwa kama peremende. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitangaza kuondoa karibu hekta 67,000 kwenye hadhi ya msitu. Lakini aliyebeba godoro kichwani alikuwa shosho. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na maisha yake yote alikuwa amepanda miti ya watu wengine. Alipangisha chumba kimoja Molo.

Kilichofuata msituni kingetabirika na mtoto. Miti ilikatwa, kupanda kukazembea. Hakuna aliyekuwa akipalilia maharagwe, kwa hivyo hakuna aliyekuwa akipalilia saipresi. Mapema miaka ya 1990 wakaja na chawa wa saipresi, kidudu kinachonyonya utomvu hadi mti unageuka kahawia. Kufikia 1999 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake.

Ila si kwa wote. Kampuni tatu kubwa ziliachwa ziendelee: Pan Paper, Raiply na Timsales. Wenye viwanda vidogo vya kupasua mbao, waliojaa Elburgon na Molo na Njoro, walifunga milango. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Mbao zikaanza kuingia kutoka Tanzania, paini ya Sao Hill kule Mufindi, na kutoka Congo. Na kiwanda kilicholindwa kikaanguka hata hivyo: Pan Paper ilifungwa mwaka 2009, ikafufuliwa kwa vifijo, ikafa tena, na mwaka 2016 ikauzwa kwa wafanyabiashara wa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900.

Sheria mpya ya misitu ya 2005 ilikuwa imewapa watu wanaoishi karibu na msitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki kuusimamia. Mfumo wa shamba ukarudi chini ya jina refu la Kiingereza ambalo kila mtu amelifupisha kuwa Pelisi. Sasa huishi msituni; unakuja asubuhi, unalima, unapanda, unarudi kwako jioni. Viazi ni vyako. Mti bado si wako.

Februari 2018, mito ikikauka na watu wakiwa na hasira, Naibu Rais William Ruto alitangaza kusimamishwa kwa ukataji kwa siku 90. Siku hizo 90 zilirefushwa hadi zikawa miaka mitano. Aliyezikatiza, Jumapili ya 2 Julai 2023, ni William Ruto, sasa akiwa Rais, akihutubia Molo. Hoja yake ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaoza msituni na vijana hawana kazi. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani, mahakama ikasimamisha kwanza, kesi ikaendelea. Novemba ya mwaka huo huo tukapewa sikukuu nzima ya kupanda miti. Mtandaoni tulichekeshana sana kuhusu serikali inayokata kwa mkono wa kulia na kupanda kwa wa kushoto, lakini kusema kweli imefanya hivyo tangu 1902. Misitu ya kupandwa hupandwa ili ikatwe. Hekta takriban 150,000 za saipresi, paini na mikaratusi ni shamba kama lile la chai, na kuacha mti uliokomaa uoze hakumsaidii nyuki wala mto. Tulichokosa kubishania ni kwingine: nani anauziwa, kwa bei gani, na aliyepalilia anapata nini mti ukianguka.

Septemba 2022, Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliposema watu wataruhusiwa kulima msituni tena, kelele zilipanda pande zote. Wanamazingira walikuwa na sababu zao, nami naziheshimu. Lakini sikumbuki kusikia sauti ya mtu hata mmoja aliyewahi kushika kile kijiti.

Shosho alikuja Nairobi kwa kliniki ya macho wiki mbili baada ya rafu kumalizika. Nilimwonyesha kwa majivuno. Nikamwambia hii si ya shamba, hii ni ya msitu, imetoka upande wa kwenu.

Alivua miwani, akapitisha kidole kwenye ubao wa juu, polepole, akasimama penye fundo. Akaendelea, akasimama penye lingine. Mimi sikuwa nimeyaona. Fundi alikuwa ameyapaka vanishi vizuri.

"Huu haukupogolewa," akasema. "Matawi yaliachwa yakakomaa." Nikapiga hesabu kichwani. Mti wa miaka thelathini uliokatwa juzi ulipandwa miaka ya 1990.

"Ilipandwa mkishatoka, shosho."

"Naona," akasema, akavaa miwani yake, akauliza kama kuna chai.