Sarafu Iliyopimwa kwa Shingo: Historia ya Ushanga wa Buluu

Kidani cha kale cha shanga za kioo za buluu huuzwa leo katika maduka ya vitu vya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Mombasa na ya Nairobi, na anayekinunua hukichukua kama pambo. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Afrika Mashariki uzi huo wa shanga ulikuwa pambo na fedha kwa wakati mmoja. Ulilipia chakula cha msafara, hongo ya mtemi na posho ya mpagazi. Katika sura mbaya zaidi ya historia hiyo, ulilipia pia pembe za ndovu na binadamu waliouzwa utumwani.

Siku hizi vidani hivyo vimezua ubishi sokoni. Shanga mpya hupewa jina la shanga za kale ili zipandishiwe bei, na nyuzi za kale kwelikweli hukatwa zikauzwa punje mojamoja. Shuleni nako bado husikika maneno kwamba shanga zilikuwa vikorokoro vya kumlaghai Mwafrika. Maandishi ya wasafiri walionunua shanga hizo kwa fedha zao yanasema mambo tofauti kabisa.

Rangi na asili yake

Buluu ya kioo hutokana na madini. Kobalti, hata ikitiwa kidogo sana kwenye kioo kilichoyeyuka, hutoa buluu nzito ya kilindini. Shaba hutoa buluu hafifu inayoelekea kijani, kama maji ya ufukweni penye mchanga mweupe. Aina zote mbili zilifika pwani hii zamani sana.

Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja vitu vya kioo vya aina mbalimbali miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari iliyokuwa kwenye mwambao wa Tanzania ya leo. Karne nyingi baadaye shanga ndogo kutoka India na nchi jirani za Asia zilishushwa Unguja Ukuu, Kilwa, na katika mji wa Shanga ulioko kisiwa cha Pate. Kutoka pwani zilisafiri hadi bonde la Limpopo. Huko mafundi waliziyeyusha shanga ndogo za buluu-kijani na kuzigeuza kuwa shanga moja nene, kwa kutumia vikalibu vya udongo. Kazi hiyo ilitangulia ustawi wa Mapungubwe, mji wa bonde hilohilo, wa karne ya 13. Mtu wa bara alikuwa tayari anairekebisha bidhaa ya ng'ambo ifuate anavyopenda yeye.

Wareno walipojiweka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, mwanzoni mwa karne ya 16, walikuta wateja wamezoea shanga za kutoka Cambay, India, na hawataki nyingine. Bidhaa za Ulaya zilidoda. Ikawabidi Wareno wenyewe wanunue shanga India ili wapate dhahabu ya Afrika.

Venice na wanawake watunga shanga

Karne ya 19 ilipofika, sehemu kubwa ya shanga za Zanzibar ilikuwa ikitoka Venice. Tanuri za kioo za mji huo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291. Ushanga mdogo wa kawaida ulianza kama donge la kioo cha moto lenye uwazi katikati. Mafundi wawili walilishika kila mmoja upande wake, wakaachana kwa haraka, na donge likavutika kuwa bomba jembamba refu. Bomba lilikatwa vipande vidogo, na vipande vikazungushwa kwenye joto hadi ncha zikaviringika. Ushanga mkubwa zaidi ulitengenezwa mmojammoja, kwa kuuzungushia waya kioo kilicholainika.

Kuzitunga kulikuwa kazi ya wanawake. Waliketi vibarazani mwa nyumba zao wakiwa na bakuli la mbao mapajani na fungu la sindano ndefu mkononi, wakichota shanga kwa sindano nyingi kwa mpigo. Mikono ya wanawake iliutunga uzi Venice, na safari ya uzi huo ikaishia kwenye shingo ya mwanamke wa bara la Afrika.

Kete na fundo

Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha takriban aina 400 za shanga katika kitabu chake cha mwaka 1860. Nyingine zilikuwa na majina matatu au manne. Aliandika pia vipimo vyake. Kipimo kikuu kilikuwa kete, yaani uzi uliokunjwa maradufu kutoka kidole gumba hadi kiwiko, ambao ni karibu sawa na kuuzungusha shingoni mara mbili. Kete kumi zilifanya fundo. Kwa maneno mengine, sarafu ya njia ya misafara ilikuwa kidani kimoja kamili.

Ushanga wa thamani kuliko wote ulikuwa samesame, mwekundu kama marijani. Waliouuza waliupa majina ya utani: kimarapamba, kwa kuwa mtu huacha chakula chake ili aupate, na jina jingine ambalo Burton alilifasiri kuwa mvunja mji, kwa kuwa wanawake hujifilisi na kuwafilisi waume zao kwa ajili yake. Wa buluu ulikuwa na majina yake. Wa kawaida, mzito na usio laini, uliitwa langiyo au mrututu, na mrututu ndilo jina la Kiswahili la chumvi ya shaba yenye rangi hiyohiyo. Juu yake kulikuwa na sungomaji, ushanga mnene kama yai la njiwa, mweupe au wa buluu.

Manunuzi ya 1871

Aliyeeleza vizuri zaidi ugumu wa kununua shanga ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyeshuka Zanzibar Januari 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone. Alikuwa amesoma vitabu vya waliomtangulia, lakini hakuona vikijibu maswali ya mtu anayetaka kufunga mizigo: apeleke nini, kiasi gani, kwa nani? Akawaendea wafanyabiashara Waarabu wa pembe za ndovu na kuwauliza bei na kiasi.

Alichofundishwa kilimtoa jasho. Ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo na ulikataliwa kwingineko kote. Sungomaji ulithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, Uguha, lakini nchi nyingine zisingeupokea. Mweupe ulikubalika Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, ukadharauliwa Uzigua na Ukonongo. Ilimbidi akadirie msafara wake ungekaa siku ngapi katika kila nchi, kisha anunue kila aina kwa hesabu hiyo. Akipungukiwa na aina moja, watu wake wangelala njaa huku wakiwa na mizigo ya aina nyingine mabegani. Akizidisha, angebeba uzito usionunua kitu. Burton na mwenzake Speke, anasema Stanley, walilazimika kutupa mamia ya mafundo ya shanga zilizokosa mnunuzi.

Majina yenyewe yalikuwa somo: gulabio, sungomaji, kadunduguru, mutunda, samesame, bubu, merikani, langiyo. Stanley aliyakariri kama mwanafunzi. Mwishowe alichagua aina kumi na moja, na magunia 22 ya shanga yakapelekwa nyumbani kwa Francis Webb, balozi mdogo wa Marekani, tayari kuvushwa Bagamoyo. Kwa mfano wake mwenyewe, shanga zilikuwa sarafu za shaba, vitambaa vilikuwa fedha, na waya ulikuwa dhahabu katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika.

Habari hiyo inaonyesha nani aliyekuwa na kauli. Mfanyabiashara wa Zanzibar alipokea alichoambiwa na viongozi wa misafara, na viongozi waliambiwa na wanawake na wanaume wa Ugogo, Unyamwezi na Ujiji waliougeuzageuza ushanga kiganjani na kuurudisha. Agizo lilivuka bahari hadi kwenye tanuri za Venice. Mtu anayelaghaiwa hachagui rangi, ukubwa na mng'ao kwa ukali wa namna hiyo. Dhuluma ya biashara ile ilikuwepo, na ilikuwa kubwa: ilikaa kwenye bunduki, kwenye minyororo na katika tofauti kati ya bei ya pembe huko bara na bei yake London. Kuisukuma dhuluma hiyo kwenye upumbavu wa mnunuzi ni kumtukana mara ya pili.

Taveta na nchi ya Wamaasai

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umaasaini 1883 na kuchapisha habari zake 1885, alipata somo kama lile. Alipofika Taveta, karibu na Mlima Kilimanjaro, aliambiwa kuwa Wamaasai hawapokei ushanga usiotungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Safari ikasimama. Wapagazi wakaketi kutunga maelfu ya nyuzi, wakiirudia kwa kipimo cha Kimaasai kazi ambayo wanawake wa Venice walikwisha kuifanya kwa kipimo chao.

Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria 1901. Misafara ya mabegani ikaisha njia hiyo, na rupia na senti zikaiondoa kete katika malipo. Ushanga ukahamia kwenye duka la Mhindi, ukauzwa kwa fedha kama sukari na chumvi. Ukiwa umeshaacha kuwa sarafu, ulipata nafasi kubwa zaidi katika mavazi. Katika sanaa ya Wamaasai buluu huhusishwa na anga, na vidani virefu vya shanga za buluu viitwavyo nborro huvaliwa na wanawake walioolewa.

Reli ilipofika, Venice ilikuwa tayari na mshindani. Mji wa Gablonz huko Bohemia, unaoitwa leo Jablonec nad Nisou katika Jamhuri ya Cheki, ulitengeneza shanga kwa kalibu na kuzichonga pande, zikiwemo za kobalti zenye kona zinazometameta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wa mji huo walifukuzwa, na wengi wao wakaanzisha upya kazi yao Bavaria katika mtaa walioupa jina la Neugablonz. Shanga za Kicheki ziliendelea kuja Afrika Mashariki, kisha plastiki ikafuata, kisha bidhaa za China. Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ushanga kwa ajili ya wanawake wa kaunti za wafugaji.

Kuutambua ushanga wa kale

Anayenunua kidani cha buluu leo anaweza kuisoma historia hii kwa macho na vidole. Kioo huwa baridi kinapoguswa na huwa kizito kwa ukubwa wake, ilhali plastiki ni nyepesi na hupata joto la mkono upesi. Ushanga uinuliwe kwenye mwanga. Vipovu vilivyonyooka sambamba na tundu huonyesha kioo kilichovutwa kuwa bomba, na vipovu vinavyolizunguka tundu huonyesha kioo kilichoviringishwa kwenye waya. Mshono mwembamba ubavuni ni alama ya kalibu. Shanga za kale katika uzi mmoja mara nyingi hazilingani sawasawa, na midomo ya matundu yake imesuguliwa na shanga jirani kwa miaka mingi. Uchakavu wa kweli hukaa pale shanga zinapogusana. Ushanga uliofifia kote kwa usawa, hadi sehemu zisizosuguliwa na kitu, unafaa kutiliwa shaka.

Chimbuko la kidani nalo huulizwa. Mvua na mawimbi hufukua shanga katika magofu ya pwani, na Kilwa Kisiwani, iliyo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Songo Mnara tangu 1981, ni mojawapo ya mahali hapo. Ushanga uliookotwa gofuni na kupelekwa sokoni umepoteza mahali pake katika udongo, na mahali hapo ndipo penye habari zake. Kuchimba bila kibali ni kosa kisheria. Kidani kinachofaa kununuliwa ni kile kilichotoka katika sanduku la familia, kikiwa na mtu wa kueleza kilivaliwa na nani.

Hifadhi ya kumbukumbu hizi imedorora. Beit al-Ajaib, jengo la Zanzibar lililokuwa na makumbusho ya historia na utamaduni wa pwani, liliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020. Majina ya shanga aliyoyaandika Burton yamebaki katika vitabu vya Kiingereza, huku wazungumzaji wa lugha iliyoyazaa wakiwa hawayajui. Samesame, langiyo na mrututu yanastahili kuwa katika vitabu vya shule, karibu na majina ya masultani na wapelelezi.

Ndiyo maana uzi mzima una thamani kuliko punje zake. Ushanga mmoja wa buluu huonyesha rangi na tanuri. Uzi kamili, ukiwa na urefu wake wa awali, huonyesha kete: kipimo cha gumba hadi kiwiko, mizunguko miwili ya shingo, kiasi ambacho mnunuzi wa bara alikihesabu na kukikubali. Muuzaji anayekata uzi ili auze punje mojamoja hupata faida ya siku moja, na kipimo hicho hakirudi tena.